Mbung'o wa Mwisho Alikuwa Jike

Mazungumzo ya jioni mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa sayansi, Unguja

Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mliojipanga kule nyuma karibu na mlango ili mpate kutoka mapema, ahsanteni kwa kuja.

Aliyenialika aliniuliza kwenye simu nitazungumza juu ya nini. Nikamwambia, posa. Akanyamaza. Nikaongeza, posa za wadudu. Nikamsikia anashusha pumzi.

Nimesomesha bayolojia miaka mingi, na uzazi wa wadudu tunausomesha kwa mchoro mmoja: yai, buu, pupa, mdudu mzima, kisha mshale unarudi kwenye yai. Mchoro ni sahihi, na mtihanini una alama zake. Lakini ule mshale wa mwisho, unaotoka kwa mdudu mzima kwenda kwenye yai, umeruka jambo zima. Pale katikati pana madume wanaotaka na jike anayepima. Pana harufu, ngoma, zawadi, hila, na mara nyingi pana kukataliwa. Jioni hii sitotoka kwenye mshale huo. Nitawaambia pia kwamba kisiwa hiki kilipata nafuu kubwa kwa sababu kuna watu waliolichukulia kwa uzito swali ambalo wengine wangeliona la upuuzi: jike wa mbung'o hukubali mara ngapi?

Kabla sijafika huko, najua mnachongoja. Kila nikizungumza mambo haya kuna mkono unaonyooshwa: "Maalim, na vunjajungu?" Basi tummalize vunjajungu. Sisi tulipokuwa wadogo tuliambiwa ukimgusa, ukirudi nyumbani utavunja jungu, na kwa kuwa majungu yalikuwa ya mama zetu, hatukumgusa. Nadhani ndiyo sababu tabia zake tulizisikia ukubwani. Ndiyo, jike humla dume, pengine akaanzia kichwani, na kiwiliwili cha dume kikaendelea na shughuli yake kichwa hakipo. Lakini si kila mara. Jike aliyeshiba mara nyingi humwacha dume aende zake. Dume naye halijii jambo hili kibubusa: humwendea kwa nyuma, hatua moja moja, na jike akigeuza kichwa yeye huganda kama kijiti. Kwa hiyo ukimuona dume wa vunjajungu ameganda, usidhani amelala. Anapiga hesabu ya njaa ya mwenziwe.

Sasa kwa nini jike ndiye apime? Kwa nini isiwe kinyume?

Jibu la siku nyingi ni kwamba yai ni ghali na mbegu ya kiume ni rahisi. Mwaka 1948 Mwingereza mmoja, Bateman, aliwaweka pamoja vinzi wadogo wa maabara, akahesabu watoto wa kila mmoja, akasema dume anayepata majike wengi huzaa wengi zaidi, na jike haongezi kitu kwa kuongeza madume. Jaribio hilo nimelisomesha bila kulitilia shaka kwa muda mrefu. Mwaka 2012 Patricia Gowaty na wenzake wakalirudia kwa njia zilezile, wakaona lina kasoro: Bateman alitambua watoto ni wa nani kwa alama za ulemavu walizorithi, na watoto waliorithi alama za pande zote mbili walikuwa wakifa kabla ya kuhesabiwa. Hesabu ilikuwa imeinama tangu mwanzo. Nawaambia hili wanafunzi kwa makusudi. Jaribio linaweza kukaa vitabuni miaka 60, sote tukalikariri, na kumbe hakuna aliyerudi jikoni kutazama lilivyopikwa.

Kilichobaki imara ni kanuni pana zaidi: mwenye kugharamika sana ndiye mwenye kuchagua sana. Ikitokea mgharamikaji ni dume, basi dume ndiye atakayechagua. Huko magharibi ya Marekani kuna mdudu asiyeruka, wa jamaa moja na senene wanaoliwa Bukoba na Uganda. Dume wake, anapopandana, humwachia jike kifurushi cha mbegu kilichofungwa pamoja na chakula, na kifurushi hicho hufika karibu robo ya uzito wa dume mwenyewe. Mtu wa kilo 80 atoe zawadi ya kilo 20 kutoka mwilini mwake! Mtafiti Darryl Gwynne aliandika mwaka 1981 kwamba pale wadudu hao wanapojaa na chakula kuwa haba, majike ndio wanaogombania, na madume ndio wanaokataa. Jike humpanda dume mgongoni, dume kama anayempima kwa mizani, na majike wengi wepesi hushushwa. Jike mzito ana mayai mengi.

Huyohuyo Gwynne, miaka miwili baadaye, aliandika pamoja na Rentz kuhusu mbawakawa mkubwa wa Australia Magharibi. Madume walikutwa kando ya barabara wamezikumbatia chupa za bia. Chupa ilikuwa ya kahawia, inang'aa, na chini ina vinundu vinavyofanana na vya mgongo wa jike, tena ni kubwa kuliko jike yeyote. Madume waling'ang'ania hapo juani mpaka wakaliwa na chungu. Mnacheka, lakini msilisahau, tutalihitaji: dume anayetafuta jike hufuata alama chache tu, na anayezijua alama hizo anaweza kumdanganya.

Mmoja zaidi, kwa ajili ya wazee waliokwisha kupeleka barua za posa. Katika misitu ya Marekani kuna mdudu mwenye miguu mirefu, ananing'inia kwenye majani kama nguo kwenye kamba. Randy Thornhill alimchunguza miaka ya 1970. Dume hukamata windo, kisha hutoa harufu ya kuita. Jike akija, hakuna mazungumzo mpaka mahari yaonekane. Windo likiwa dogo, jike hula, na chakula kikiisha hujiondoa, pengine kabla ya dakika 5, na mpaka hapo dume hajafikisha mbegu hata moja. Windo likiwa kubwa, hukaa kiasi cha dakika 20, na dume hupata alichokijia. Yaani jike hakatai kwa ukali. Anakubali kwa kipimo. Kisha yuko dume mwingine, hodari wa mjini, ambaye hawindi. Hujinyonganyonga kama jike, akapokea mahari, akaruka nayo.

Sasa tuje kwa mbung'o, wengine mnawaita ndorobo.

Kama mwenye kugharamika ndiye mwenye kuchagua, basi sijui mdudu anayegharamika kumshinda jike wa mbung'o. Nzi wa kawaida hutaga mamia ya mayai akaondoka. Mbung'o hatagi. Yai moja hutelemka ndani ya mfuko wa uzazi, linaanguliwa humohumo, na buu hukaa tumboni akinyonya maziwa yanayotoka kwenye tezi ya mama. Maziwa, ndiyo, sikukosea. Baada ya siku 9 au 10 mama humzaa buu aliyekaribia uzito wake yeye mwenyewe. Buu hujichimbia udongoni, anakuwa pupa, na baada ya mwezi hivi hutoka mbung'o mzima. Mama anaanza upya na yai jingine. Akijaaliwa umri, maisha yake yote huzaa watoto 8 au 10. Kwa mdudu, huo ni uzazi wa tembo.

Uposaji wake ni wa haraka, lakini si wa ovyo. Katika aina kadhaa za mbung'o wa nyika madume huandamana na wanyama. Wachungaji wa bara wanawajua: wapo mbung'o wanaofuatana na ng'ombe mwendo mrefu bila kuuma. Hao hawakuja kula. Wanajua kwamba jike kijana mwenye njaa lazima aje kwenye damu, nao wanamngoja mezani. Dume humrukia, na pale anapomgusa kwa miguu ndipo anapojua amemshika nani, kwa sababu ngozi ya jike imepakwa nta yenye kemikali yake maalumu. Ya aina mmoja wa mbung'o ilitambuliwa mwaka 1978. Na mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza kemikali nyingine, hii inapepea hewani, inayomvuta dume kwa mbali. Miaka yote tulidhani ni kugusa tu.

Jike asiyetaka hutikisa mwili, hupiga mateke, huficha ncha ya tumbo. Akikubali, wazee wataniwia radhi, jambo huchukua muda mrefu, katika baadhi ya aina saa moja na kupita, na dume muda wote huo humbinya jike kwa mapigo yenye mpangilio, kama mtu anayepiga dumbaki kwa vidole. Briceño na Eberhard, watafiti wa Costa Rica, waliyabadilisha kidogo maumbile ya madume ili mapigo hayo yasifike sawasawa. Kupandana kulifanyika, lakini majike wengi hawakutoa yai, mbegu zilihifadhiwa kidogo, na baadhi ya majike wakawa tayari kwa dume mwingine. Kwa hiyo kumkubali dume mlangoni siyo mwisho wa mtihani. Ndani kuna mtihani wa pili, na msimamizi ni yuleyule.

Dume akifaulu yote, mbegu huwekwa kwenye vifuko vidogo mwilini mwa jike, na hizo humtosha umri wake wote. Kwa kawaida hapo mlango hufungwa. Jike wa mbung'o, kwa sehemu kubwa, hukubali mara moja.

Hapo ndipo pa kuingilia.

Aliyeliona mapema alikuwa Mmarekani, Edward Knipling, na hakuwa akifikiria mbung'o. Miaka ya 1930 alikuwa akishughulika na nzi anayetaga kwenye vidonda vya wanyama hai. Mabuu wake hula nyama mbichi ya ng'ombe aliyesimama. Aliona jike wa nzi huyo hupandana mara moja. Akajiuliza: je, mara hiyo moja ikiwa na dume asiyeweza kuzaa? Tangu 1927 Hermann Muller alikwisha onesha kwamba eksirei huvuruga urithi ndani ya mbegu za nzi. Knipling na mwenzake Bushland wakaunganisha mawili hayo. Mwaka 1954 walimwaga madume tasa kwenye kisiwa cha Curaçao, na katika miezi michache nzi yule alikwisha. Alipoingia Libya mwaka 1988, dawa ilikuwa ileile: madume tasa, wakiletwa kwa ndege kutoka Mexico.

Tafadhali tofautisheni utasa na kuhasiwa. Mfugaji anajua maksai hana habari na majike. Maksai wa mbung'o angekuwa hasara tupu, kwa sababu jike angebaki na nafasi yake ya pekee, akaitumia kwa dume wa kweli. Kinachotakiwa ni dume mwenye shauku kamili: anayeruka, anayetambua harufu, anayejua kubinya kwa mapigo yanayostahili, na mwenye mbegu zinazotembea. Ila ndani ya mbegu hizo mionzi imevunjavunja maandiko. Jike humpokea, hufunga mlango, hubeba mimba, na kiinitete kinafia tumboni. Hukitupa. Hutoa yai jingine, hulirutubisha kwa mbegu zilezile za akiba, nacho kinakufa. Hana namna ya kujua kwamba tatizo ni chaguo lile la mara moja.

Unguja palikuwa pahala pazuri pa kujaribu. Palikuwa na aina moja tu ya mbung'o, anayeitwa kitaalamu *Glossina austeni*, mdogo, wa vichakani na msituni kama Jozani. Pemba hakuwepo. Pwani ya bara iko mbali kiasi kwamba mbung'o hawezi kuvuka kwa mabawa yake. Ng'ombe waliugua nagana, maradhi yanayoletwa na mbung'o, wakakonda, nywele zikasimama, damu ikapungua, mimba zikaharibika. Mbung'o huyo hakuwa na hamu na mitego ya kitambaa inayotumika bara, ikabidi watumie vibao vya rangi vilivyopakwa gundi. Watoto wa zamani wa hapa tungewaambia mapema: ulimbo haushindwi.

Kazi ilianza mwaka 1988 kwa dawa ya kumiminia ng'ombe mgongoni na vitambaa vyenye dawa vilivyotundikwa sehemu za msituni. Idadi ya mbung'o ilishuka. Lakini dawa iliyo juu ya ng'ombe haiwezi kumfuata mbung'o anayekunywa damu ya nguruwe mwitu ndani ya kichaka. Wakabaki wachache, na wachache ndio wagumu. Dume tasa humfuata jike popote alipo, kwa sababu zake mwenyewe, bila kulipwa posho.

Mwezi wa Agosti 1994, chini ya mradi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na serikali ya Tanzania na ya Zanzibar, ndege ndogo zikaanza kumwaga madume. Walifugwa Tanga, kwenye taasisi ya utafiti wa mbung'o, wakapigwa mionzi ya gama, wakapakiwa kwenye vikasha vya karatasi ngumu. Mara mbili kwa wiki ndege ilipita juu ya kisiwa kwa mistari iliyoachana kilomita 1 au 2. Mpaka mwisho walimwagwa zaidi ya milioni 8.5. Katikati ya mwaka 1995, kwa kila dume 1 wa porini kulikuwa na zaidi ya 50 wa Tanga; mwisho wa mwaka, zaidi ya 100. Jike kijana aliyetoka udongoni Jozani asubuhi alizungukwa na wageni watupu.

Watajuaje kama wageni wanakubaliwa? Hapa ndipo napopapenda zaidi. Majike walionaswa walipasuliwa chini ya hadubini. Kwenye ovari za mbung'o kila yai linalotoka huacha alama, kwa hiyo mtaalamu anaweza kusoma umri wa jike kama wewe unavyosoma miaka ya mnazi kwa makovu ya makuti yake. Akatazama pia mfuko wa uzazi: una buu hai, una yai lililokufa, au mtupu? Robo ya kwanza ya mwaka 1995, majike vijana waliokuwa na yai lililokufa au mfuko uliotupa mimba walikuwa chini ya asilimia 25. Robo ya mwisho ya mwaka uleule walipita asilimia 70. Na umri wa waliobaki ulipanda. Mitego ikawa inanasa vikongwe. Fikirini mtaa wenye mabibi, na hakuna mtoto anayelia.

Mwanzoni mwa 1996 idadi iliporomoka. Dume wa mwisho wa porini alinaswa wiki ya 32 ya mwaka huo. Jike wa mwisho, wiki ya 36, yaani mwanzo wa Septemba. Ndege ziliendelea kumwaga madume mpaka Desemba 1997, muda wa vizazi 6 vya mbung'o, bila kunaswa mwingine wa porini. Mara nyingi humfikiria yule jike wa wiki ya 36. Kuna mwezi mzima ambapo, kwa kadiri mitego ilivyoonesha, hapakuwa na dume wa kwao hata mmoja, na angani kila wiki wanashuka maelfu ya waposaji. Simwonei huruma, nimeona ng'ombe wa nagana. Lakini humfikiria.

Mtu ataniuliza, kwa nini basi bara mbung'o bado wapo? Kwa sababu bahari haipo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walijaribu madume tasa kwenye ranchi ya Mkwaja, mkoani Tanga. Idadi ilishuka vizuri, lakini mpaka wa ranchi ulikuwa ni uwanda uliofyekwa tu, na majike kutoka nje, wengine wameshapandana huko walikotoka, waliuvuka.

Kuna swali gumu zaidi ya hilo, na ni zuri kwa mliokaa nyuma. Je, majike wakianza kuwakataa madume wa kiwandani? Si dhana. Visiwa vya Okinawa, Japani, walipambana na nzi wa matikiti kwa njia hii tangu miaka ya 1970. Ilionekana kwamba katika baadhi ya sehemu majike wa porini wamekuwa wagumu, hawawataki madume waliofugwa. Lina mantiki yake: kila jike aliyewakubali hakuacha mtoto, na kila aliyekuwa na kinyongo nao aliacha. Ukiendesha hivyo vizazi kadhaa, umefuga majike wachaguzi bila kukusudia. Wajapani walishinda mwishowe, mwaka 1993, lakini somo lilibaki kwamba wingi pekee hautoshi. Dume wa maabara, aliyezaliwa kwenye sanduku lililojaa wenzake na kupewa jike bila jasho, husahau adabu za posa. Akifika porini anakuta anatakiwa aimbe, na hajui wimbo.

Ufumbuzi mmoja utawafurahisha akinamama wa hapa. Yupo nzi wa matunda anayeitwa wa Mediterania, ingawa asili yake ni Afrika hii yetu, kusini mwa Sahara. Madume wake hukusanyika kwenye majani ya mti mmoja, kila mmoja na jani lake, wakatoa harufu na kupepea mabawa, na jike hupita akikagua. Watafiti waligundua kwamba madume tasa wakikaa karibu na harufu ya mafuta ya tangawizi kabla ya kuachiliwa, majike huwapendelea zaidi. Siku hizi kuna viwanda vinavyofanya hivyo: ukumbi mzima wa madume wanafukizwa tangawizi kabla ya kupanda ndege. Sisi tunafukiza udi, na tunamfukiza bibi harusi. Wao wamegeuza.

Harufu inafanya kazi upande wa pili pia. Wakulima wa maembe wanamjua yule nzi mgeni wa matunda aliyeonekana Kenya mwaka 2003 akaenea sehemu kubwa ya Afrika. Dume wake ana udhaifu kwa methili-eujeno, kemikali iliyo ndugu wa karibu wa eujeno, na eujeno ndiyo inayoipa karafuu harufu yake. Porini hulamba kemikali hiyo kwenye maua na majani, mwili wake huigeuza manukato, na jike humpenda aliyelamba zaidi ya asiyelamba. Mkulima anaitia tone moja kwenye mtego pamoja na dawa, na madume huja wenyewe. Zikumbukeni zile chupa za bia. Lakini angalieni tofauti: mtego wa harufu huua madume tu, na dume mmoja aliyeponyoka anaweza kuwatosheleza majike wengi. Ndiyo maana mkulima aliyetundika chupa 2 kwenye shamba la ekari kadhaa, akaacha maembe mabovu yaoze chini ya mti, hulalamika kwangu kila msimu kwamba dawa ni ya uongo.

Naona jua limekwisha shuka nyuma ya minazi, na adhana i karibu, kwa hiyo nitamaliza kwa mdudu mmoja ambaye hamna haja ya hadubini kumuona.

Mbu wa malaria nao wana uwanja wao wa posa. Dakika chache baada ya jua kuzama, madume hukusanyika angani juu ya alama fulani ya ardhini, hasa doa jeusi kwenye udongo mweupe, au pembe ya njia. Watafiti wa Ifakara, bonde la Kilombero, wamewafuatilia kijiji kwa kijiji. Kundi la leo utalikuta kesho palepale, ingawa dume wa mbu haishi muda wa kumfundisha mwanawe mahali. Huyumba juu na chini kama moshi. Jike huingia peke yake, hushikwa, na wawili hutoka wakianguka kidogo kidogo. Chini ya dakika moja yote yamekwisha. Dume humziba kwa kizibo chake na humwachia homoni, na jike huyo kwa kawaida hatorudi tena pale. Mara ngapi? Mara moja, kama mbung'o.

Vipi wanajuana gizani? Kwa sauti ya mabawa. Kwa mbu wa dengi, Wamarekani walirekodi mwaka 2009 dume akipiga mabawa kiasi cha mara 600 kwa sekunde, na jike mara 400. Wanapokaribiana hurekebisha mapigo, mpaka sauti za juu, ya dume iliyo mara 2 ya 600 na ya jike iliyo mara 3 ya 400, zikutane kwenye 1,200. Wapiga fidla wa taarabu mnajua ninachosema: ile dakika kabla ya wimbo, kila mmoja anakaza uzi wake akimsikiliza mwenziwe. Zamani vitabu vilisema jike wa mbu ni kiziwi.

Sasa mnapokata uwanja kwenda msikitini, upande wa kushoto wa lango pana doa jeusi pale gari la skuli linapovuja oili. Simameni kwa mbali kidogo, muelekee magharibi, mtazame kimo cha kichwa mpaka kimo cha paa, mwanga ukiwa nyuma yao. Watakuwepo, wa aina hii au nyingine. Msiwapige kofi, madume hawaumi. Ngojeni tu mpaka muwaone wawili wanatoka pamoja.